Moto, maji ya kisomo na saar: Wasomali wanavyoupanga ugonjwa kabla ya kuutibu

Mtu akisema "mganga wa Kisomali" ametia kapu moja watu ambao wenyewe hawakai mkeka mmoja. Yumo fundi wa kuchoma ngozi kwa moto. Yumo muunga mifupa. Yumo wadaad, yaani shehe anayesomea maji na kuyapulizia. Yumo calaaqad, mwanamke anayeongoza ngoma ya saar, pepo wanaompanda mtu, na yumo faaliye, mpiga ramli. Wadaad wengi humhesabu calaaqad kuwa anatembea na ushirikina. Calaaqad naye hushikilia kwamba mwenye saar akisomewa kwa nguvu, pepo hukasirika na mgonjwa huzidi.

Anayeitwa hutegemea swali linaloulizwa nyumbani kabla ya lolote: ni nini kimempata? Ikiwa ni jambo la mwili, mfupa au ini au kifua, anaitwa fundi wa mikono. Ikiwa ni jicho la mtu, kisomo. Ikiwa ni jini, kisomo tena lakini kizito zaidi. Ikiwa ni saar, ngoma. Wakishindwa kujua, ndipo faaliye hupata kazi. Hospitali nayo imo kwenye foleni hiyohiyo, mara ya kwanza, mara ya mwisho, na mara nyingi katikati: sindano asubuhi, kisomo jioni.

Neno moja kuhusu tahajia, maana litafungua mengi. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, na humo "c" ni ile ayn ya Kiarabu, "x" ni ha ya kooni. Ukishajua hilo, xirsi ni hirizi, xabad sowda ni habasoda, siyaaro ni ziara, na jina calaaqad unaweza kulisoma "alaaqad" pasipo shida.

Moto

Methali ya Kisomali inasema ugonjwa na moto havikai mahali pamoja, na wafugaji huichukua kama ilivyo. Fundi huchagua kijiti cha mti mgumu unaoshika kaa, akakitia motoni hadi ncha iwe nyekundu, akapuliza jivu, kisha akaigusisha kwenye ngozi na kuiondoa papo hapo. Kinachobaki ni kiduara, ambacho hugeuka kidonda na baadaye kovu la maisha. Kwingine msumari au kipande cha chuma hufanya kazi ya kijiti.

Mahali pa kuchoma hufuata ugonjwa. Kwa cagaarshow, macho na mkojo vinapobadilika rangi, huchomwa viganja vinapoungana na mikono, pamoja na tumbo. Kwa oofwareen, ndugu wa kichomi chetu, huchomwa kifua. Mtoto aliyekonda hadi kichwa kikaonekana kikubwa kuliko mwili huchomwa kichwani, ili kichwa kipungue. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote: kichwa hakijakua, ni mwili ulioisha kwa njaa, na sasa umeongezewa jeraha ambalo hauna nguvu ya kuliponya.

Kwa nini basi watu wenye akili timamu wameendelea nao karne kwa karne? Jibu liko kwenye kalenda ya ugonjwa wenyewe. Cagaarshow ya watoto mara nyingi ni homa ya ini aina ya A, ambayo huondoka yenyewe baada ya wiki kadhaa na haiachi ugonjwa wa kudumu. Mtoto akichomwa wiki ya pili na macho yakawa meupe wiki ya tano, moto huvuna sifa. Aina ya B ndiyo mtego. Kati ya watoto wachanga wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, karibu 9 kati ya 10 hubaki na kirusi hicho mwilini. Wengi wao hata macho hayageuki manjano, na walioungua viganja wakiwa wadogo hukutwa na ini lililokakamaa au saratani wakiwa watu wazima, pasipo mtu kuunganisha mambo hayo mawili.

Kwa kichomi hakuna muda wa kusubiri sifa. Mhesabie mtoto pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni nimonia mpaka ithibitishwe vingine, na kifua kikibonyea kwa chini anapovuta hewa, ni cha kukimbizwa hospitali usiku huohuo. Tatizo la moto hapa ni saa zinazopotea wakati kaa likitafutwa. Kisha yanakuja ya kidonda chenyewe: kikipakwa majivu au samadi kinaweza kualika pepopunda, kikiwa juu ya kiungo kovu huvuta ngozi na kiungo kisinyooke, na chuma kimoja kikitumiwa kwa wagonjwa wawili wenye damu, hiyo homa ya ini inayotibiwa inaweza kusambazwa na tiba yake.

Familia zilizohamia Ulaya au Marekani hupata kero nyingine. Daktari asiyejua mila akiona viduara kifuani mwa mtoto hudhani amechomwa sigara, na maswali ya ustawi wa jamii huanza. Kusema mapema, "haya ni makovu ya tiba, alichomwa akiwa na umri fulani kwa ugonjwa fulani," huokoa mengi.

Asije mtu akadhani lakini kwamba wafugaji hawa hawakuwa na macho. Mwingereza Richard Burton, aliyepita Zeila kwenda Harar mwaka 1854, aliandika kwamba wenyeji walimwambia kuumwa na mbu huleta homa kali. Yeye aliita ushirikina. Miaka 43 baadaye, mwaka 1897, Ronald Ross aliona vijidudu vya malaria ndani ya mbu.

Mifupa, meno na chuku

Muunga mifupa ndiye fundi anayeheshimiwa hata na wanaodharau wengine, na kwa mvunjiko mwepesi uliofungwa heshima hiyo ina haki. Hupapasa mpaka aupate mwanzo wa mvunjiko, huvuta taratibu huku msaidizi ameshika upande wa juu, huulaza mfupa kwa vidole, halafu huzungushia nguo na mabanzi ya mti yaliyopangwa sambamba na kufungwa kwa kamba. Hufunguliwa na kukazwa upya kadiri uvimbe unavyopungua.

Hapo kwenye kukaza ndipo viungo hupotea. Uvimbe huongezeka siku mbili tatu za mwanzo, banzi haliongezeki. Vidole vikiwa baridi, vimepauka au vimekuwa vya bluu, vikafa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua hasa kidole kinaponyooshwa, banzi lifunguliwe saa hiyohiyo, si kesho fundi akirudi. Mfupa uliotoboa ngozi, au mvunjiko karibu na kiwiko cha mtoto, hauna biashara na banzi la nyumbani kabisa.

Ilko dacowo, "meno ya mbweha", ni jambo ambalo Mtanzania atalitambua upesi kwa jina la meno ya plastiki. Mtoto wa miezi michache anaharisha na ana homa. Mtu anapapasa ufizi, anakuta uvimbe mweupe mahali pa chonge, anasema hayo ndiyo yanayomuua. Ufizi unachanjwa na vijimeno vichanga vinang'olewa bila ganzi. Uvimbe ule ni chonge la kawaida lililo njiani, kila mtoto analo. Matokeo ni damu, usaha, wakati mwingine pepopunda, na chonge la ukubwani linaloota limepinda au lisiote. Kuharisha nako kunaendelea, na ndiko kunakoua. Lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufutwa sawa na ukingo, apewe kidogo kidogo kila baada ya choo: hiyo ndiyo dawa iliyosahaulika wakati kisu kikinolewa. Chumvi isizidi, maana ikizidi humkausha zaidi.

Toobin ni kuumika damu, chuku ya Waswahili kabla neno hilo halijahamia kwenye kutia chumvi maneno. Hakuna la ajabu ndani yake zaidi ya wembe. Wembe ukiwa mpya na wa mtu mmoja, hatari kubwa imeondoka.

Manemane, ubani na wanja

Nchi ya Wasomali ndiyo kwao malmal (manemane) na beeyo (ubani), kwa hiyo hapa dawa na biashara vimekua pamoja. Manemane huloweshwa kwenye maji ya vuguvugu na kusukutuliwa kwa fizi na koo, au kuoshewa vidonda. Kwa kusukutua ni dawa nzuri. Mjamzito asiimeze, kwani huweza kuamsha mji wa mimba.

Siku 40 za uzazi, zinazofungwa kwa siku ya afartanbax, mama hukaa ndani, huvaa utepe wenye punje za kitunguu saumu masikioni, mtoto hufungwa uzi wenye malmal mkononi, na dabqaad, chetezo cha huko, hufukizwa mara mbili kwa siku. Harufu haidhuru, moshi ndio unadhuru: chumba kidogo, madirisha yamefungwa, mapafu ya siku saba. Chetezo kikae mlangoni. Na kuul, wanja, baadhi yake husagwa kutoka jiwe lenye madini ya risasi, ambayo hayafai hata kidogo machoni mwa mtoto.

Jicho na hirizi

Kwa Msomali jicho, il, halihitaji mtu mbaya. Anayependa mno bila kusema "mashallah" anaweza kumpiga mtoto wake mwenyewe. Ndiyo maana kumwambia mama wa Kisomali kwamba mwanawe kanona ni kumwudhi, na nesi anayesoma uzito kwa sauti mbele ya foleni hushangaa kwa nini mama haji tena. Mtoto akiacha kunyonya ghafla, akalia bila sababu au akakonda, jicho hutajwa. Akijulikana aliyetia jicho, huombwa atawadhe na maji yake amwagiwe mgonjwa, jambo ambalo lina asili katika hadithi za Mtume. Asipojulikana, ni kisomo.

Xirsi ni ngozi iliyoshonwa juu ya karatasi ya aya, huvaliwa shingoni au mkononi. Zamani watu wa jamii ya Yibir, waliobaguliwa na koo kubwa, walikuja palipozaliwa mtoto au palipo na harusi, wakabariki na kutoa hirizi, nao wakapewa zawadi iitwayo samanyo. Kuwanyima kulihofiwa: laana ya Yibir haikuwa mzaha. Jamii iliyodharauliwa ikashika tawi la baraka. Si Wasomali peke yao duniani waliofanya hivyo.

Tahliil

Hapa ndipo kiini cha tiba ya kiroho kilipo leo. Tahliil ni maji yaliyosomewa. Ni jamaa wa kombe letu, ila kombe huandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa, na tahliil haina wino: pumzi ndiyo kalamu.

Msomaji hutawadha, hukaa mbele ya chombo chenye mdomo mpana, mdomo wake ukiwa karibu na maji. Fatiha husomwa, mara nyingi mara 7; kisha Ayatul Kursi, aya mbili za mwisho za Baqara, halafu Ikhlas, Falaq na Nas mara tatu tatu. Baada ya kila kituo hupuliza pumzi yenye unyevunyevu kidogo wa mate. Ikishukiwa sixir, uchawi, huongezwa aya zinazosimulia Musa na wachawi: Al-A'raf 117 hadi 122, Yunus 79 hadi 82, Ta-Ha 65 hadi 69. Wako wanaoponda majani 7 mabichi ya mkunazi, mti ambao Wasomali huuita gob, wakayatia kwenye maji ya kutosha kuoga. Mgonjwa hunywa mafunda matatu, anaoga yaliyobaki, na maji hayo hayamwagwi chooni. Hupelekwa mahali pasafi, chini ya mti au ukutani.

Quraan saar ni kitu kikubwa zaidi: masomo ya kundi. Wadaad kadhaa na wanafunzi wao humzunguka mgonjwa na kugawana juzuu, nyumba inapika, na usomaji unaweza kuchukua siku nzima. Neno saar hapa ni kitenzi cha kuweka juu ya kitu. Qur'ani "inawekwa" juu ya mgonjwa. Lisichanganywe na saar ya ngoma.

Mpaka miaka ya 1980 mambo haya yalikuwa mikononi mwa watu wa tariqa, Qadiriyya hasa, pamoja na ziara za makaburi. Shehe Uways wa Barawa, mji ambao wenyeji wake husema Chimwiini, lahaja ya Kiswahili, aliieneza Qadiriyya hadi Zanzibar kabla ya kuuawa mwaka 1909 na wafuasi wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan. Karibu na Hargeisa, kaburi la Aw Barkhadle bado hutembelewa. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 na wanazuoni wa msimamo mkali dhidi ya makaburi wakapata sauti, kilichochipuka ni cilaaj: vituo vya kutibu kwa Qur'ani pekee, bila hirizi, bila ngoma, bila ramli. Vipo Mogadishu, Hargeisa, na Eastleigh jijini Nairobi.

Kituo cha cilaaj hufanya kazi karibu kama zahanati. Wagonjwa huandikishwa, hulala au hukaa, kisomo huja kwa sauti ya shehe, kwa spika au kwa vifaa vya masikioni. Anayetetemeka, kulia au kutapika huchukuliwa kuwa jini limeguswa. Shehe huliuliza jina, dini, na nani alilituma. Kisha mgonjwa hutoka na asali, mafuta ya zaituni, habasoda, sanamaki na dumu la tahliil, arudi baada ya siku kadhaa.

Yanayoharibika hapa mara nyingi hayana uhusiano na aya. Maji ya kisima yanabaki maji ya kisima hata yakisomewa: kipindupindu hakisikii kisomo, kwa hiyo yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yasomewe, na hakuna wadaad mwenye elimu atakayekataa. Sanamaki huendesha tumbo kwa nguvu; ikinywewa zaidi ya wiki hupunguza potasiamu mwilini, misuli ikalegea na moyo ukapiga ovyo, na udhaifu huo ukahesabiwa kuwa ni jini linatoka. Asali kwa kikombe humpandisha mwenye kisukari. Wapo pia wanaopiga mgonjwa kwa fimbo, wakidai maumivu ni ya jini. Alama zinabaki kwa binadamu.

La hatari kuliko yote ni kuambiwa uache dawa ili Qur'ani "ifanye kazi peke yake". Mwenye qallal, kifafa, akikatisha vidonge ghafla anaweza kupata mishtuko inayofuatana bila kuzinduka katikati. Ukifika dakika 5 bila kukatika, huo ni wa hospitali mbio, na haijalishi nani anasoma nini.

Saar

Wasomali wameipokea saar katika familia moja na zar ya Ethiopia, Sudan na Misri, na Mswahili aliyeona ngoma za kibuki au habeshia Unguja hatapotea. Pepo hawa wana makabila. Boorane jina lake linawaelekeza watu kwa Waborana wa Oromo, kuna mingis, kuna rooxaan, wanaohesabiwa kuwa wastaarabu zaidi na karibu na dini.

Mgonjwa huwa mara nyingi mwanamke aliyeolewa: kichwa, uzito mwilini, kukosa usingizi, mimba zisizoshika. Calaaqad humfukizia uunsi, hupiga ngoma moja baada ya nyingine mpaka ile ya pepo wake impandishe, na pepo hutaja haja zake: nguo mpya, manukato, dhahabu, nyama ya mbuzi wa rangi fulani. Mume ndiye mlipaji. Pepo hatolewi, anaridhishwa, na mkataba hufanywa upya kila akidai. Mwenye saar huwa mwanachama wa kundi la wanawake waliopitia hayohayo.

Mwanaanthropolojia I. M. Lewis, aliyeishi na Wasomali wa kaskazini kati ya 1955 na 1957, aliisoma saar kama mdomo wa wanawake wasio na njia nyingine ya kumdai mume. Wanaume wa Kisomali walikuwa wakisema hivyo kabla yake, tena kwa kejeli. Maelezo hayo yanaeleza dhahabu, lakini hayaelezi kwa nini mwanamke huzimia kweli, wala kwa nini mjane asiye na wa kumdai hurudi ngomani. Kukaa usiku mzima na wanawake wanaokuamini nako ni sehemu ya tiba.

Tofauti na cilaaj sasa iko wazi: kwenye cilaaj jini hufukuzwa, kwenye saar hufugwa. Familia inayompeleka mtu kotekote wiki moja inaendesha tiba mbili zinazopingana, na kila upande humlaumu mwenzake mgonjwa asipopona.

Waali na buufis

Kisomali kina welwel (wasiwasi), murug (huzuni), na qulub, ambayo wafugaji huieleza kwa hali ya ngamia aliyefiwa na mwenzake. Haya hutibiwa kwa kuzungukwa na ndugu, dua na kisomo, na mara nyingi hiyo inatosha. Baada ya maneno hayo kuna pengo, halafu waali, wazimu, na aliyeitwa waali ni vigumu kuvuliwa jina.

Hapo ndipo minyororo huingia. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2015 kuhusu Somaliland ilikuta watu wamefungwa majumbani, katika vituo vya binafsi na hata hospitalini. Mogadishu kuliwahi kuwa na biashara ya kumfungia mgonjwa usiku na fisi, kwa imani kwamba fisi huona majini na kuyala. Wengi wa wanaofungwa ni vijana wa kiume, na wengi wao hutafuna miraa usiku kucha kwa siku mfululizo. Miraa nyingi bila usingizi huleta sauti na kushuku watu. Kabla ya kutaja jini, ulizwe kwanza marobota mangapi, na lini alilala mara ya mwisho. Kwa wengine akili hutulia baada ya siku kadhaa za kuacha na kulala. Asipotulia, anahitaji dawa za hospitali kwa muda mrefu, na kisomo kinaweza kukaa kando ya vidonge bila kugombana navyo.

Buufis ni jina jipya, lilishika Dadaab, kambi ya wakimbizi nchini Kenya iliyofunguliwa mwaka 1991. Linatokana na kupuliza kitu kikajaa hewa. Ni hamu ya kuhamishiwa Ulaya au Marekani iliyomjaa mtu mpaka akashindwa kula, kulala au kufanya kazi ya leo, hasa baada ya jina lake kukosekana kwenye orodha ya wanaohamishwa. Faaliye hana ramli yake, mafundi wa moto hawana mahali pa kuichoma, na watu wa kambini hutaja dawa moja tu: ndege.